Darubini ya 8x42 kwa Kuangalia Ndege Ukiwa Kibarazani Pemba

Assalamu alaykum, ndugu watazamaji. Darubini ninayoichambua leo ni ya kipimo cha 8x42, yaani hukuza mara 8 na lenzi zake za mbele zina kipenyo cha milimita 42, nami ninaipima kwa kazi moja tu, ambayo ni kuangalia ndege wa Pemba bila kutoka nyumbani.

Kisiwa hiki kina aina 4 za ndege wasiopatikana popote pengine duniani, nao ni ninga wa Pemba, chozi wa Pemba, bundi mdogo wa Pemba, na yule ndege mdogo wa manjano mwenye duara jeupe kulizunguka jicho. Chozi hana haja ya kufuatwa katika msitu wa Ngezi, kwani huja mwenyewe kwenye maua yaliyo karibu na nyumba. Kwa hiyo, kabla ya kuuliza darubini inakuza mara ngapi, mnunuzi wa huku aulize inaona karibu kiasi gani. Ikiwa mgomba wako uko mita 3 kutoka kibarazani, darubini isiyolenga chini ya mita 5 itakuonesha ukungu wa kijani tu, hata kama ina bei ya ng'ombe. Hii niliyoishika inalenga hadi mita 2, na kichwa cha chozi dume huonekana kikimetameta kijani, pamoja na ule mshipi wa zambarau kifuani.

Wapo watakaosema 10x42 ni bora zaidi. Kwa ninga aliyetua juu kabisa ya mkuyu wa jirani, nakubali; lakini ukuzaji huo hukuza pia mtetemeko wa mikono, na eneo linaloonekana kwa kawaida huwa dogo, jambo linalomchosha mtu anayefuatilia ndege asiyetulia.

Magharibi inapoingia, hesabu ni nyepesi: gawa 42 kwa 8, upate milimita 5.25, ambao ndio upana wa mwale wa nuru unaolifikia jicho. Darubini ya mfukoni ya 8x25 hutoa takriban milimita 3.1, hivyo bundi anayeita mikarafuuni atabaki kivuli.

Adui mkubwa, hata hivyo, ni unyevu. Darubini isiyozibwa vyema na kujazwa naitrojeni huota kuvu ndani ya lenzi, na kuisafisha kunahitaji fundi wa kuifungua. Hata iliyozibwa isifungiwe kabatini ikiwa na majimaji. Iwekeni pamoja na vile vifuko vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya, ambavyo wengi wetu huvitupa.

Dukani, simameni wima na muilenge kwenye viatu vilivyo mita 3 mbele yenu. Vikionekana wazi, hata nyuzi za mshono, inafaa kibarazani. Visipoonekana, mrudishieni muuzaji.