Hedseti zisizotumia waya kwa ndege ndogo: ipi inunuliwe kwanza

Anayekuta maneno "haitumii waya" kwenye tangazo la hedseti ya rubani aulize kwanza ni waya upi ulioondolewa. Hedseti nyingi za urubani zenye Bluetooth bado huunganishwa na redio ya ndege kwa waya wenye plagi mbili, moja ya kusikilizia na nyingine ya maikrofoni, huku Bluetooth ikibeba simu, muziki na sauti za tahadhari kutoka kwenye tableti.

Aina hiyohiyo ndiyo ninayoiweka nafasi ya kwanza kwa yeyote anayeshika usukani. Katika hedseti nzuri za kundi hili, betri ikiisha kinachozimika ni uwezo wa kupunguza kelele kwa umeme, ilhali mazungumzo na mnara wa kuongozea ndege huendelea kupitia waya. Bose A30 na Lightspeed Delta Zulu ni mifano inayojulikana, na hiyo ya pili ina kihisi cha kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu inayoweza kuvuja kutoka kwenye mfumo wa moshi wa injini; kwa ndege ya injini ya pistoni, naiona sifa hiyo kuwa na thamani kuliko muziki.

Nafasi ya pili naipa mifumo isiyo na waya kabisa, ambayo kisambazaji chake huchomekwa kwenye matundu ya plagi ndani ya ndege na kuzungumza na hedseti kwa mawimbi. Inamfaa mpigapicha, msimamizi wa mizigo au mhudumu wa ardhini, ambaye waya ungemkwaza. Kwa rubani, tatizo kubwa ni kuchelewa kwa sauti. Rubani husikia sauti yake mwenyewe masikioni anapozungumza, na ikirudi ikiwa imechelewa, hata kwa sehemu ndogo ya sekunde, ulimi huanza kusitasita na maneno hukatika. Bluetooth ya kawaida huchelewa kiasi cha kutambulika, kwa hiyo upendelee mfumo uliobuniwa mahususi kwa mazungumzo ya papo kwa papo, na uujaribu injini ikiwa inanguruma, kwa maana ukimya wa dukani hauonyeshi lolote.

Ya tatu ni paneli ya sauti (kifaa cha kwenye dashibodi kinachoelekeza sauti kati ya redio na hedseti) yenye Bluetooth, kama Garmin GMA 345, inayomwezesha mwenye hedseti za zamani kupokea simu bila kuzibadilisha. Waya zitabaki palepale, na ufungaji ni kazi ya fundi wa ndege mwenye leseni.

Mwisho kabisa ni hedifoni za kawaida za simu. Maikrofoni zake hazikutengenezwa kwa kelele ya propela, na hazina plagi za kuingia kwenye redio ya ndege.

Kabla ya kulipa, hakikisha plagi zinalingana na matundu, kwa kuwa helikopta nyingi hutumia plagi moja tu. Redio za ndege hufanya kazi kati ya 118 na 137 MHz, mbali na 2.4 GHz ya Bluetooth, lakini kifaa hafifu bado kinaweza kuingiza mikwaruzo. Kiwashe na ukizime huku ukisikiliza. Kisogeze pia karibu na dira ya sumaku, kwa sababu spika zina sumaku, na uone kama sindano inayumba. Ukichagua mfumo usio na waya kabisa, nunua pamoja nao hedseti ya waya na uiweke mahali ambapo mkono wako unaifikia ukiwa umefunga mkanda.