Mhadhara wa Jumamosi kuhusu Magonjwa ya Ubongo, Capri Point, Mwanza

Nilihudhuria mhadhara huu wa kulipia nikiwa na baba mkubwa, fundi mitumbwi wa Kirumba ambaye ugonjwa wa Parkinson umemtetemesha mkono hata randa haishikiki, na kwa kiingilio cha shilingi 3,000 sikuona hasara. Mtoa mada alisimulia kazi ya Stanley Prusiner wa Marekani, ambaye mwaka 1972 alipokea mgonjwa aliyekuwa akifa kwa Creutzfeldt-Jakob, ugonjwa adimu unaoharibu ubongo, akaanza kutafuta chanzo chake, na mwaka 1982 akatangaza kwamba ni protini isiyobeba vinasaba, akaiita prioni. Wengi walimbeza, lakini mwaka 1997 alipewa Tuzo ya Nobel. Kilichonipendeza zaidi ni karatasi iliyokunjwa vibaya, ikawekwa juu ya nyingine, nayo ikakunjwa vilevile, kuonyesha jinsi protini iliyopinda inavyopindisha jirani yake mpaka seli za neva zife. Baba mkubwa alininong'oneza kwamba kwenye mtumbwi, ubao mmoja ukioza, wa pembeni nao hauchelewi. Maikrofoni ilikwaruza muda wote, na swali lake kuhusu Parkinson lilijibiwa kwa haraka mno: kwamba huko nako protini hurundikana, ila utafiti unaendelea.