Uzoefu wangu: Nililipa pauni 25 nimjue Frank Sidebottom, nikaambiwa sitaelewa

"Hiki ni kichekesho cha watu wa huku. Hata nikikueleza, hutaelewa."

Naanza na maneno hayo kwa sababu tangu niyasikie hayajanitoka kichwani. Niliambiwa hivyo mbele ya watu wanane, Timperley, nje kidogo ya Manchester, manyunyu yakitulowesha, na mtu niliyemlipa pauni 25 ili anieleze. Sikwenda kuomba. Nililipa mapema, nikabadilishana zamu na mwenzangu kazini, nikafika kituo cha tramu kabla ya wote. Halafu nikaangaliwa juu chini kama niliyepotea njia.

Jina lake silitaji, wala la kikampuni chake. Ni hawa wanaotembeza wageni nusu siku kuwaonyesha mahali alipoishi na kuvuma Frank Sidebottom, mchekeshaji wa kubuni aliyeigizwa na mwanamuziki Chris Sievey. Matembezi yao nayapa nyota moja, na hata hiyo moja inaniuma kuitoa.

Nieleze kwanza kilichonipeleka. Nahudumia wazee majumbani, kazi ambayo wenyewe tunaiita kea. Mzee mmoja ninayeanzia kwake asubuhi ana picha ukutani ya mtu mwenye kichwa kikubwa cha duara kama boga, macho makubwa ya bluu ya kuchorwa, nywele nyeusi za kupakwa rangi zenye njia pembeni, na chini ya kichwa hicho suti na tai kama karani wa benki. Siku ya kwanza nilishtuka. Mzee akasema, "Huyo ni Frank. Ndani ya Frank yumo Chris, ila usimwambie mtu."

Tangu siku hiyo kila nikimtengea chai ananihadithia. Chris alizaliwa mwaka 1955 na kukulia Sale, jirani na Timperley. Mwaka 1971, angali kijana mdogo, yeye na ndugu yake waliomba lifti barabarani mpaka London, wakaenda kukaa kitako kwenye ofisi za Apple, kampuni ya Beatles, wakagoma kuondoka mpaka wasikilizwe. Na kweli wakasikilizwa. Baadaye akaunda bendi, The Freshies, kanda akizitoa na kuzisambaza mwenyewe. Mwaka 1981 wimbo wao kuhusu binti wa kaunta katika duka la santuri la Manchester ulipanda hadi namba 54 kwenye chati ya Uingereza, ukaishia hapo. Mwaka 1983 akatoa santuri ambayo upande wa pili ilibeba programu za kompyuta ya ZX81: unaicheza santuri, ule mlio unaingia kwenye kompyuta kama ulivyokuwa ukiingia kutoka kwenye kaseti. Mwaka 1983! Mzee wangu anayo hiyo santuri. Kompyuta ya kuifungulia ndiyo hana.

Frank mwenyewe alianza kama shabiki wa kubuni wa bendi hiyohiyo. Chris alitengeneza kichwa kwa karatasi na gundi, akakivaa, na hapo Chris akatoweka. Frank anaishi Timperley kwa mama yake, na mama hajui kwamba mwanawe ni nyota. Ana kikaragosi, Little Frank, mwenye sura ileile. Anapiga kinanda cha bei rahisi na kuimba nyimbo za Queen na za Beatles kwa sauti ya puani, zote akizigeuza zihusu Timperley. Kitu kikiwa hovyo anakiita "bobbins".

Mzee wangu alihudhuria maonyesho yake kwenye mabaa miaka nenda miaka rudi. Sasa miguu imegoma. Nilipomwambia nimeona tangazo la matembezi haya, alinyamaza kidogo, kisha akanituma: "Niulizie. Ile sauti ya puani aliiwezaje saa zote zile? Mimi nikijaribu dakika mbili nachoka." Nilikwenda na swali moja tu la mtu, nikalibeba kama mzigo wa amana.

Kwa haki, mwanzo haukuwa mbaya. Mwongozaji anaijua mitaa, na sauti yake inasikika. Lakini muda mwingi aliutumia kutaja majina ya wakubwa waliopitia kwa Frank: mchekeshaji Caroline Aherne, ambaye Mrs Merton, mhusika aliyemwigiza, alianzia kwenye vipindi vya Frank, mtangazaji Chris Evans, aliyekuwa dereva wake, na mtangazaji wa redio Mark Radcliffe, aliyepiga kinanda kwenye bendi yake. Yote ni kweli, ila alivyoyasema ni kana kwamba Frank anapewa heshima kwa sababu ya hao, wakati ni hao waliochota kwake. Kisa kimoja tu alikisimulia vizuri, cha Jon Ronson, ambaye sasa ni mwandishi. Alikuwa mwanafunzi London anayeshughulikia burudani za chuo, mpiga kinanda wa Frank akakosekana, naye akaulizwa kwa simu kama anaweza kupiga noti za C, F na G. Akasema anaweza. Jioni hiyo akawa jukwaani. Tulicheka wote, na mimi nikacheka.

Nikaona ndiyo nafasi yangu. Nikauliza kwa adabu kabisa: samahani, ile sauti ya puani aliifanyaje, na aliwezaje kukaa nayo muda mrefu? Ndipo akanitolea yale maneno. Wala hakuyasema kwa hasira. Aliyasema huku akitabasamu, akanigeuzia mgongo, akaendelea kutembea.

Wawili watatu walicheka. Mama mmoja mtu mzima mwenye mwavuli wa njano akasogea akanifunika, akaniambia polepole, "Usimjali, mwanangu." Mungu ampe maisha marefu mama yule. Kama kuna aliyeniongoza siku hiyo ni yeye.

Nilitembea robo saa iliyofuata bila kusikia kinachosemwa. Nini nisichoweza kukielewa? Marehemu bibi yangu alikuwa Mmakonde aliyevuka Ruvuma kutoka Msumbiji. Utotoni nimeshuhudia ngoma ya mapiko. Anatokea mtu amevaa kichwa kizima cha mti kilichochongwa, mwili umefunikwa nguo pasionekane hata kidole, anacheza, watu wanakimbia na kurudi. Aliyemo ndani huenda ni mjomba wako, huenda ni yule anayetengeneza baiskeli. Kumtaja ni mwiko. Bibi alikuwa akinifinya nikianza tu kunong'ona jina. Kwa hiyo mzee wangu aliposema "ila usimwambie mtu", sikuhitaji tafsiri. Nilielewa asubuhi ileile, nikiwa na kikombe mkononi, kwa nini Chris alikaa na kile kichwa hata ndani ya gari la bendi, wakiwa wenyewe kwa wenyewe. Wangapi katika wale wanane wanalielewa hilo kama ninavyolielewa mimi?

Hasira ikanipanda hata nikaanza kuchukia viatu vya yule mtu. Alikuwa na kichwa cha kuigiza ndani ya mfuko wa plastiki, kila mtu akipige nacho picha. Ilipofika zamu yangu alikishika yeye mwenyewe, eti kisianguke. Wenzangu wote walikivaa. Nikasema sihitaji. Hata sasa ninapoandika naona hiyo nyota moja ni nyingi.

Halafu tukafika kwenye sanamu, na hapa ndipo mambo yanaponichanganya.

Sanamu ipo katikati ya Timperley, ya shaba, kazi ya mchongaji Colin Spofforth. Ilizinduliwa Oktoba 2013 kwa fedha za mashabiki. Frank amesimama hapo na kichwa chake. Nilimshika mkono wa shaba, wa baridi na umelowa. Mwongozaji akaanza kueleza kifo chake. Chris alifariki tarehe 21 Juni 2010 kwa saratani, akiwa na miaka 54, bila akiba yoyote. Mtu aliyewahi kusimama uwanja wa Wembley mbele ya makumi ya maelfu ya mashabiki wa bendi ya pop ya Bros alikuwa anakwenda kuzikwa mazishi ya fukara, yale ambayo halmashauri inalipia kwa sababu hakuna wa kulipa. Jon Ronson akaandika maneno machache Twitter. Fedha zikaanza kuingia. Watu zaidi ya 1,600 walichanga, zikapatikana zaidi ya pauni 21,000. Wengi wao hawakuwahi kuuona uso wa Chris. Walimzika mtu wanayemjua kwa kichwa cha karatasi.

Hapo sauti ya mwongozaji ikakatika. Akageuka upande wa barabara, akafuta uso kwa kiganja, na si mvua aliyokuwa akiifuta. Akasema naye alichanga pauni tano, na kwamba wakati huo pauni tano kwake zilikuwa chakula.

Moyo wangu ukalegea, nakiri. Maana hilo la kuchangia msiba mimi nalijua ndani nje. Kundi letu la Watanzania hapa Manchester, mwenzetu akifiwa au akifa yeye, simu inaanza kulia alfajiri: jina, kiasi, jina, kiasi, mpaka zitimie za kusafirisha mwili. Nimewahi kumchangia kijana nisiyemjua sura, nikajua tu kwamba ni wa Lindi na mama yake anamsubiri. Nikataka kumwambia yule mtu hivyo. Nilimsogelea, nikasema, "Hata kwetu tunazikana hivi." Ningeinua nyota zikafika tatu, hata nne, palepale, kama angenijibu neno moja tu.

Akanitazama, akasema, "Ndiyo, ndiyo," akaangalia saa, akawaambia watu matembezi yamekwisha.

Kwa hiyo sijui. Mtu aliyetoa chakula chake kumzika Chris si mtu mbaya. Lakini mtu huyohuyo alikuwa na mgeni mbele yake aliyetoka mbali kwa ajili ya Chris yuleyule, akamwona hafai kuelezwa. Nimelifikiria kwenye tramu, nimelifikiria zamu nzima ya usiku, na kila nikitaka kumsamehe lile tabasamu linarudi.

Jibu la swali la mzee nililipata mwenyewe, usiku, kwa simu yangu, kwenye makala ya Jon Ronson. Chini ya kile kichwa Chris alikuwa akivaa kibanio cha pua, vile wanavyovaa waogeleaji. Ndicho kilichotoa ile sauti. Alikaa nacho muda mrefu kiasi kwamba kilimbonyeza pua ikapoteza umbo, na kila akikivua alikunja uso kwa maumivu. Sentensi tatu tu. Mtu anayetoza pauni 25 kuhusu Frank Sidebottom ama hajui hilo, na ni aibu, ama analijua akaninyima, na ni aibu zaidi. Huduma hiyo ni bobbins, na nalisema neno hilo kwa maana yake kamili.

Nikaendelea kusoma, nikakuta jingine. Chris alizoea kuchora vialama vidogo pembezoni mwa michoro na majarida aliyowatumia mashabiki, wote wakidhani ni mapambo. Kumbe ni maandishi ya siri. Steve Sullivan, aliyetengeneza filamu ya maisha yake, ndiye aliyehangaika nayo mpaka GCHQ, wale wa ujasusi wa mawasiliano wa serikali ya Uingereza, wakasaidia kuyafumbua. Hilo likatangazwa mwaka 2019, karibu miaka tisa baada ya Chris kufariki. Na moja ya jumbe alizozificha humo ilikuwa ni swali: kwa nini pua yangu inauma baada ya maonyesho?

Nilikaa kitandani nikacheka, halafu nikalia kidogo.

Nyota mbili. Ya kwanza ni ya Chris, ambaye hakuna anayeweza kumharibu. Ya pili ni ya mama wa mwavuli. Zile pauni tano za mwongozaji nimezipima sana, lakini nyota yake siipati. Labda nitaipata siku nyingine, leo sina.

Asubuhi iliyofuata nilifika kwa mzee wangu mapema. Sikumwambia nilivyosemwa, nisije nikamharibia. Nilimweleza sanamu, nikamwambia nimeishika mkono. Nikamweleza kibanio. Akanyanyua macho kwenye picha ukutani, akakaa kimya muda mrefu, akasema, "Masikini. Miaka yote ile." Kisha nikamwambia lile swali la siri.

Alicheka mpaka nikamletea maji. Alipotulia akajibana pua kwa vidole viwili, akajinyoosha kwenye kiti kama anayerekebisha tai, akalirudia swali lote kwa sauti ya Frank, akiitazama ile picha. Akalirudia tena. Chai ilipoa, nikamtengenezea nyingine.