Mashua ya abiria kutoka Mokowe hadi Amu: tathmini ya huduma, na ya sisi tuliopanda

Kwa zaidi ya mwaka mmoja sasa nimekuwa nikivuka kati ya gati la Mokowe na mji wa Amu, yaani Lamu, mara mbili kila juma kwa ajili ya kazi yangu ya ualimu, na katika muda huo nimepanda karibu mashua zote zinazobeba abiria katika njia hiyo. Ninayoiandikia leo ni mashua ya mbao yenye injini, ambayo kwa kawaida huondoka Mokowe baada ya mabasi ya kutoka Mombasa na Malindi kuwasili. Jina lake na la nahodha wake sitayataja, kwa sababu sikuomba ruhusa ya kuwaanika watu waliokuwamo siku ninayokusudia kuieleza.

Katika mambo ya kawaida ya safari, mashua hii inatosheleza. Nauli niliyolipa ni shilingi 150, na haipandishwi pale inapoonekana kwamba abiria ni mgeni. Nahodha huhesabu watu kabla ya kung'oa nanga, na idadi ikishatimia hakubali kuongeza hata mtoto mmoja. Turubali la kivuli limetoboka upande wa tezi. Jaketi okozi zipo za kutosha, lakini tatu kati ya zile nilizozikagua zilikuwa zimekatika mikanda, na kasoro hii nilimweleza nahodha mwezi uliopita bila ya kurekebishwa hadi leo.

Alhamisi ya juma lililopita tulikuwa abiria 18. Hamali aliyetupakilia mizigo alipanda mwisho, akalipa nauli yake kama sisi sote, akaketi kwenye ubao kati yangu na mzee mmoja mfanyabiashara aliyekuwa na magunia yake. Mzee yule aliinuka, akakung'uta kanzu yake, akasema kwa sauti iliyosikika chombo kizima kwamba zama za babu yake mtumwa hakuwa akiketi ubao mmoja na waungwana. Kisha akataja weusi wa ngozi ya kijana yule na umbo la pua yake kwa maneno ambayo sitayarudia hapa. Hamali aliinamisha kichwa. Mwanamke aliyekuwa mbele yetu alimvuta mwanawe karibu. Mimi niliyatazama maji.

Nahodha alizima injini. Alimwambia mzee, kwa adabu kamili, kwamba neno lile halisafiri katika chombo chake, na kwamba ama amwombe radhi kijana au apokee nauli yake ashuke. Kisha akatugeukia sisi wengine: "Na nyinyi mulionyamaza, huyu atajuaje kwamba hamukusema pamoja na mzee?" Mzee alichagua kushuka, na jamaa zake wawili wakamfuata. Nahodha alirudisha nauli tatu pamoja na malipo ya magunia, mabaharia wakayateremsha, nasi tukaondoka tukiwa tumechelewa dakika 20.

Swali lile halijaniacha. Kabla ya siku hiyo nilikuwa nikijihesabu miongoni mwa watu wema kwa sababu sijapata kumwita mtu yeyote mtumwa. Lakini aliyeketi pale ubaoni na kutukanwa hakuwa na njia ya kuuona wema uliofichika kifuani mwangu. Alichokisikia ni sauti ya mtu mmoja, na baada yake ukimya wa watu wote waliomzunguka, na ukimya huo kwake haukuwa na tofauti yoyote na kukubali. Kila mmoja wetu alikuwa na sababu yake. Mzee ana umri mkubwa, tunaishi mji mmoja, tunakutana misikitini na harusini, na huenda kesho nikahitaji mkopo dukani kwake. Sababu hizo ni za kweli, na ndizo zilizomwachia kijana mmoja mzigo uliokuwa wa watu 16.

Neno lenyewe, kwa mji wetu, si tusi la kupita tu. Mkataba wa mwaka 1873 ulipiga marufuku kusafirisha watumwa baharini, na hadhi ya utumwa ikafutwa kisheria katika pwani ya Kenya mwaka 1907. Hata hivyo mgawanyiko wa waungwana na watumwa uliendelea kuamua nani aoe wapi, aketi wapi na asome kwa nani. Habib Swaleh, mzaliwa wa visiwa vya Komoro, aliwafungulia elimu ya dini watu wa tabaka la chini na wajukuu wa watumwa huko Langoni, mtaa wa mji wetu, huku baadhi ya wakubwa wa mji wakimpinga, na Msikiti wa Riyadha umesimama hadi leo kwa kazi hiyo. Kila mwaka tunajaa kwenye Maulidi yake. Iwapo mtu anaweza kutoka kwenye zafa ile, maandamano ya Maulidi, akaenda kuketi mashuani na kumdharau mwenziwe kwa ngozi yake, na sisi tuliotoka naye zafani tukanyamaza, basi hatukumsikia aliyetufundisha.

Ninapofundisha historia huwaeleza wanafunzi habari za manahodha wa Denmaki. Mwezi Oktoba 1943, Wajerumani waliokuwa wameikalia nchi hiyo walipopanga kuwakamata Wayahudi, raia wa kawaida waliwaficha majumbani, makanisani na hospitalini, na wavuvi wakawavusha zaidi ya watu 7,000 hadi Uswidi katika muda wa majuma machache. Wapo wavuvi waliotoza nauli kubwa, kwa maana chombo kikikamatwa riziki yao ilikuwa imekwisha. Sehemu hiyo zamani niliipita haraka darasani, nikidhani inawapunguzia heshima. Sasa naiona vingine: walikuwa watu wenye hesabu na hofu kama nahodha wetu, na hawakungoja hofu iondoke ndipo washike usukani.

Sheria nayo haikukaa kimya. Kifungu cha 27 cha Katiba ya mwaka 2010 kinamkataza mtu binafsi, pamoja na serikali, kumbagua mwenziwe kwa rangi au asili yake, na Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya mwaka 2008 inaweka adhabu ya faini isiyozidi shilingi milioni 1 au kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili, kwa uchochezi wa chuki ya kikabila. Lakini katikati ya mkondo wa Mokowe hakuna askari wala hakimu. Wapo abiria tu.

Nina lawama moja kwa nahodha, nayo naitoa kwa heshima. Hakumwuliza kijana anataka nini. Macho yote yalimgeukia kwa muda wa dakika 20, na kilichokuwa fedheha ya mara moja kikawa mkutano juu yake. Jumatatu nilipomkuta kijana yule gatini nilimwomba radhi kwa ukimya wangu, akanijibu bila ya hasira: "Nahodha alifanya vyema, Mungu amlipe. Lakini wewe, mwalimu, ndiye uliyekuwa karibu nami. Ungaliniambia 'keti, ndugu yangu', ingalinitosha."

Kwa huduma ya usafiri naipa mashua hii nyota nne kati ya tano, na nitaendelea kuipanda na kuwashauri wenzangu waipande. Mikanda ya jaketi ishonwe kabla ya kusi kushika nguvu. Nimemwomba pia nahodha kwamba anapotuagiza tuvae jaketi, aongeze sentensi moja ya kutuagiza tuchungane heshima na tusimwache mwenzetu atukanwe peke yake, naye amekubali na ameanza kuisema. Manahodha wengine wawili niliozungumza nao gatini bado hawajanijibu. Nitawauliza tena Alhamisi.