Uzoefu wangu: huduma ya kutuliza maumivu ya mtoto baada ya upasuaji wa mguu, Bukavu

Nawaandikia wazazi wa Bukavu ambao mtoto wao anasubiri upasuaji wa mfupa, kwa sababu nilipokuwa nikiuliza huku na huku niliambiwa mengi kuhusu wapasuaji na bei za vyumba, lakini karibu hakuna aliyenieleza kuhusu maumivu yanayofuata. Mwanangu, mwenye umri wa miaka saba, aligongwa na pikipiki upande wa Nyawera, akavunjika mfupa wa paja na kuwekewa chuma. Hospitali sitaitaja, kwa kuwa nina sifa na lawama pia. Ninachokipima hapa ni jambo moja tu, yaani namna walivyoyashughulikia maumivu yake wodini na baada ya kurudi nyumbani.

Wodini walifanya kazi nzuri sana. Kabla ya upasuaji, daktari wa ganzi alituelezea kwamba angemchoma mtoto dawa ya bupivakaini karibu na neva (mshipa wa fahamu) ya paja akiwa tayari amelala, ili aamke bila maumivu makali, na kwamba ganzi hiyo ingeisha baada ya saa kadhaa, pengine usiku wa manane. Kwa hiyo parasetamoli na ibuprofeni zilianza kutolewa mguu ukiwa bado umekufa ganzi, kisha zikaendelea kwa kufuata saa, hata mtoto alipokuwa ametulia. Hapo ndipo nilipoielewa huduma hii: maumivu yakishapanda, kuyashusha kunahitaji dawa nyingi zaidi na muda mrefu zaidi kuliko kuyazuia yasipande.

Muuguzi alikuja na karatasi yenye nyuso sita, kuanzia uso usio na maumivu hadi uso wenye maumivu makali kabisa, zenye alama kutoka 0 hadi 10. Hakuna uso unaocheka wala unaotoa machozi, na hilo limefanywa makusudi, ili mtoto aonyeshe anavyoumia badala ya kuonyesha kama ana furaha au huzuni. Bibi yake alikuwa akimwambia avumilie kwa sababu ni mwanaume, muuguzi akamjibu kwa heshima, "Bibi, tunakuomba umwache aseme ukweli, maana dawa tunapima kwa neno lake." Mtoto aliyekuwa kimya kabisa akanyoosha kidole kwenye uso wa alama 8. Walimpa morfini ya maji, dawa kali ya kutuliza maumivu, kipimo kidogo, na baada ya hapo muuguzi akawa anarudi kuhesabu pumzi zake na kuangalia kama anaamka akiitwa. Ndugu waliogopa kwamba angeizoea dawa hiyo hadi ashindwe kuiacha, lakini tulielezwa kwamba kwa mtoto anayeipata kwa muda mfupi na chini ya uangalizi hatari hiyo ni ndogo, na kinachofuatiliwa kwa makini ni upumuaji.

Jambo jingine ambalo kila mzazi angepaswa kuambiwa ni kwamba mguu uliovunjika ukizidi kuuma badala ya kupungua, licha ya dawa, na hasa vidole vikinyooshwa, au vikianza kufa ganzi, daktari aitwe mara moja hata kama ni usiku. Inawezekana shinikizo limepanda ndani ya misuli, na misuli hiyo inaweza kufa ndani ya saa chache.

Lawama yangu inaanza siku ya kutoka. Tulipewa karatasi iliyoandikwa "sharubati ya parasetamoli" bila kiasi cha miligramu. Kwa mtoto wa kilo 20, kipimo cha miligramu 15 kwa kila kilo ni miligramu 300, nacho hutolewa kila baada ya saa 4 hadi 6, bila kuzidi mara nne kwa siku. Lakini madukani kuna chupa yenye miligramu 120 katika mililita 5 na nyingine yenye miligramu 250 katika mililita 5. Kwa ya kwanza ni mililita 12.5, kwa ya pili ni 6. Kijiko cha nyumbani hakiwezi kupima hivyo, na bomba la sindano lisilo na sindano, ambalo ni la bei ndogo, hatukupewa. Duka moja la dawa lilitaka kuniuzia tramadoli, dawa ya maumivu yenye nguvu zaidi. Nilikataa, kwa kuwa daktari wa ganzi alikuwa ametuonya kwamba tramadoli na kodeini, dawa nyingine ya aina hiyo, hazifai kwa watoto walio chini ya miaka 12: miili ya baadhi yao huzigeuza haraka kuwa dawa kali zaidi inayoweza kuzuia pumzi.

Baadaye mfupa uliunga vizuri, lakini ngozi kando ya kovu ikabaki inachoma kama moto, hata shuka likiigusa. Daktari wa kwanza aliyemwona alitazama picha ya mionzi na kusema mtoto anadeka. Maneno hayo yaliniumiza, maana mtoto alikuwa hadeki. Ni daktari wa ganzi aliyetusikiliza na kueleza kwamba maumivu yanayoendelea zaidi ya miezi mitatu baada ya upasuaji yanatambulika kama tatizo lenyewe, na kwamba neva ndogo zilizojeruhiwa zinaweza kuendelea kutuma taarifa ya maumivu jeraha likiwa limepona. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2020 kuhusu maumivu ya muda mrefu kwa watoto, unaounganisha mazoezi ya mwili, msaada wa kisaikolojia na dawa pale zinapofaa. Sisi tulipangiwa kusugua eneo lile kwa kitambaa laini na baadaye kigumu zaidi, kutembea umbali unaoongezwa kidogo kidogo, kulala kwa saa zilezile, na kurudi shule bila kungoja maumivu yaishe yote. Sasa anapanda kilima cha shuleni bila gongo, ingawa siku za baridi bado analalamika.

Kwa huduma ya wodini ningempeleka tena pale bila kusita. Kwa huduma ya baada ya kutoka, mzazi adai mambo haya kabla ya kulipa hesabu ya mwisho: kipimo cha kila dawa kwa miligramu na mililita, saa za kuitoa, bomba la kupimia, na tarehe ya kurudi kuonana na mtu atakayeuliza kuhusu maumivu na si mfupa peke yake.