Viza ya mwenzi kwa raia wa Marekani anayerudi kwao: tathmini ya huduma tuliyoipitia

Huduma ya viza ya uhamiaji kwa mume au mke wa raia wa Marekani imepangwa kana kwamba raia huyo yuko Marekani tayari, ana kazi na nyumba huko, na mwenzi wake anamsubiri ng'ambo. Sisi hatukuwa hivyo. Mimi ni raia wa Marekani, mume wangu ni Mwafrika Mashariki, tulioana na kuishi pamoja nje ya Marekani, na tulipoamua kurudi kwetu tulipitia hatua zote tukiwa bado ng'ambo. Nimewaandikia wenye hali kama hii kwa sababu maelezo mengi yanayosambaa yanawahusu wenzi waliotenganishwa na bahari, na kinachowakwamisha wao mara nyingi sicho kinachotukwamisha sisi.

Kwa jumla huduma hii naisifu. Utaratibu wake unaeleweka kwa anayeusoma kwa utulivu, ada za serikali zinajulikana, na mwenzi anawasili akiwa mkaazi wa kudumu mwenye haki ya kufanya kazi tangu siku anapoingia, jambo ambalo viza ya mchumba haitoi. Aidha, familia inayoishi pamoja ng'ambo inasubiri ikiwa pamoja, na hilo ni afueni kubwa ambayo wengi hawaihesabu. Kasoro zake mbili nzito ni muda, ambao mara nyingi huzidi mwaka kuanzia ombi hadi viza, na namna sheria inavyomtazama raia ambaye kwa wakati huo hana makazi Marekani.

Ombi lenyewe ni fomu I-130, inayowasilishwa kwa USCIS, idara ya uraia na uhamiaji ya Marekani, pamoja na fomu I-130A ya mwenzi, cheti cha ndoa, vyeti vya talaka au vifo kama kuna ndoa zilizotangulia, na ushahidi kwamba ndoa ni ya kweli. Hapa walio pamoja wana nguvu kuliko wengine, kwa kuwa mkataba wa pango wenye majina yote mawili, akaunti ya pamoja na vyeti vya kuzaliwa vya watoto vinasema zaidi ya rundo la picha za harusi. Ombi likikubaliwa, faili linahamia Kituo cha Taifa cha Viza, NVC, kilichoko Portsmouth, New Hampshire. Huko mnalipa ada, mnajaza fomu DS-260 ya maombi ya viza na kupakia nyaraka mtandaoni, na nyaraka zikikamilika mnapangiwa usaili ubalozini. Tangu 1 Novemba 2025 usaili hupangwa katika nchi anakoishi mwombaji au nchi ya uraia wake, kwa hiyo mwenye kibali halali cha kuishi katika nchi ya tatu akitunze vizuri.

Suala linaloamua hatima ya raia anayerudi liko katika fomu I-864, yaani hati ya udhamini, ambamo raia aliyewasilisha ombi anaahidi kumtunza mwenzi wake kifedha. Sheria inamtaka mdhamini awe na makazi ya msingi Marekani. Raia aliyeko ng'ambo kwa muda, kwa mfano mtumishi wa serikali ya Marekani au mwajiriwa wa kampuni ya Kimarekani aliyetumwa nje, anaweza kuhesabiwa kuwa hajayapoteza makazi hayo. Wengine wote tunatakiwa kuthibitisha kwamba tumekwisha kuchukua hatua za kuyarejesha, na kwamba tutakuwa tumehamia kabla ya mwenzi au pamoja naye. Mwenzi hawezi kutangulia. Kuandika barua ya kusema mna nia ya kurudi hakutoshi, kwa kuwa ofisa wa ubalozi anapima matendo: barua ya ajira, mkataba wa pango au barua ya ndugu atakayewapokea, akaunti ya benki inayotumika, watoto kuandikishwa shule, kura zilizopigwa kutoka ng'ambo, nukuu ya bei kutoka kwa wasafirishaji wa mizigo. Hakuna hati moja inayomaliza hoja. Zinapimwa zote kwa pamoja, na kadiri zinavyoonyesha tarehe na anwani halisi ndivyo zinavyokuwa na uzito.

Nasisitiza jambo hili kwa sababu wakala mmoja wa kujaza fomu, tuliyemlipa mwanzoni, alituhakikishia kwamba tukipata mdhamini mwenza mwenye kipato kizuri suala la makazi litakuwa limekwisha. Si kweli hata kidogo. Mdhamini mwenza, ambaye lazima awe raia au mkaazi wa kudumu, mwenye umri wa miaka 18 au zaidi na anayeishi Marekani, huziba pengo la kipato tu. Raia aliyewasilisha ombi bado anajaza I-864 yake na bado anathibitisha makazi yake, hata kama kipato chake ni sifuri. Iliniuma kuona ushauri wenye makosa ya namna hiyo ukiuzwa kwa watu walioweka akiba yao yote katika safari hii, ilhali maelekezo ya fomu yenyewe yanapatikana bure na yanalieleza jambo hilo waziwazi.

Kuhusu kipato, kiwango kinachotakiwa ni asilimia 125 ya mstari wa umaskini wa serikali, ambacho kwa familia ya watu wawili kilikuwa dola 26,437 mwaka 2025. Mshahara wa ng'ambo unahesabiwa tu ikiwa utaendelea kulipwa baada ya kuhama, kwa hiyo mwalimu anayeacha kazi ili arudi hana kipato machoni pa fomu hii, hata kama amelipwa vizuri kwa muda mrefu. Kinachoweza kumsaidia ni mali. Kwa mwenzi wa raia inatakiwa mali yenye thamani ya mara tatu ya pengo kati ya kipato cha mdhamini na kiwango hicho, baada ya kutoa madeni, na iwe inaweza kugeuzwa fedha ndani ya mwaka mmoja. Ikiwa kipato kitakachoendelea ni sifuri, mwaka huo wa 2025 hiyo ilikuwa dola 79,311 kwa familia ya watu wawili. Nyumba iliyoko ng'ambo inaweza kuhesabiwa, mradi kuwe na tathmini ya bei yake na uhakika kwamba fedha zinaweza kutolewa nchini humo.

Kodi nayo inawashtua wengi. Raia wa Marekani hutakiwa kupeleka ritani ya kodi hata akiishi nje, ikiwa kipato chake kinafikia kiwango kilichowekwa, na I-864 inaomba ritani ya mwaka wa karibuni zaidi. Anayetumia msamaha wa kodi kwa kipato cha ng'ambo, ambao kwa mwaka 2025 ulifika dola 130,000, anaweza kuonekana kwenye ritani kama mtu asiye na kipato chochote. Aambatishe fomu 2555, ambayo ndiyo ya msamaha huo, na maelezo mafupi. Ambaye hakupeleka ritani kwa miaka aliyotakiwa kufanya hivyo azipeleke zilizochelewa kabla ya kufika NVC, kwa kuwa kuzishughulikia wakati faili limeshafunguliwa huongeza wasiwasi bila sababu.

Kuna njia fupi ambayo haijulikani vya kutosha. Tangu 1 Februari 2020 ofisi za USCIS zilizoko nje ya nchi hazipokei tena I-130 kwa kawaida, lakini balozi zinaweza kuipokea papo hapo katika hali za pekee, kama vile dharura ya matibabu, tishio la usalama, au raia anayeishi na kufanya kazi ng'ambo kupata kazi au kuhamishiwa Marekani kwa taarifa ya muda mfupi. Hali hiyo ya mwisho ndiyo hasa ya anayerudi kwao. Barua ya mwajiri yenye tarehe ya kuanza kazi ni ya lazima, ombi liwe lile linaloweza kukubaliwa bila utata, na ubalozi una hiari ya kukataa. Hata hivyo, kuuliza hakugharimu chochote, na anayefanikiwa huepuka foleni ndefu kupita zote.

Wenye watoto wasome hili kwa makini. Ombi la raia kwa ajili ya mwenzi wake halimbebi mtoto wa mwenzi. Kila mtoto wa kambo anahitaji I-130 yake, na ndoa iwe ilifungwa kabla hajatimiza miaka 18. Kwa upande mwingine, mtoto mliyemzaa pamoja huenda ni raia wa Marekani tangu kuzaliwa, na huyo anahitaji pasipoti, si viza. Naiona kanuni ya watoto wa kambo kuwa ngumu mno kwa familia, maana inafanya mama na wanawe wawe na mafaili tofauti yanayoweza kwenda kwa mwendo tofauti.

Ada za serikali kwa mwenzi mmoja ni dola 625 za ombi la mtandaoni au 675 la karatasi, viwango vilivyoanza Aprili 2024, kisha 325 za viza, 120 za kupitiwa kwa hati ya udhamini, na 235 za kutengeneza grini kadi. Kwa anayeomba mtandaoni jumla ni dola 1,305, kabla ya uchunguzi wa afya, chanjo na vyeti vya polisi. Ukizilinganisha na thamani ya kinachopatikana naziona zinavumilika, ingawa kwa mshahara wa Afrika Mashariki ni mzigo wa kweli.

Usaili wenyewe, kwa walioandaa nyaraka, ni sehemu nyepesi. Viza hudumu hadi miezi sita, na kwa kawaida muda huo hufuata tarehe ya uchunguzi wa afya, kwa hiyo uchunguzi usifanywe mapema kupita kiasi. Raia wa nchi zilizowekewa vizuizi na matangazo ya rais tangu Juni 2025 wahakiki hali ya nchi yao kabla ya kulipa ada yoyote, kwa sababu orodha hizo zimebadilika.

Nimalizie na tarehe ya ndoa. Kama siku mwenzi anapoingia Marekani ndoa haijatimiza miaka miwili, anapewa ukaazi wenye masharti wa miaka miwili, na ndani ya siku 90 kabla haujaisha mnawasilisha fomu I-751 ya kuondoa masharti hayo kwa ada ya dola 750. Kinachohesabiwa ni siku ya kuingia, si siku ya usaili. Wenzi ambao ndoa yao inakaribia miaka miwili, na ambao viza yao bado inaruhusu, wana kila sababu ya kuahirisha safari kwa wiki chache na kuingia na ukaazi wa kudumu usio na masharti, wenye kadi ya miaka kumi.