Darasa la Kiingereza la jioni hapa Kisumu: mwalimu huchelewa, lakini "by" na "until" sasa nazijua

Wacha nianze na aibu yangu ndio mjue kwa nini mtu mzima kama mimi alilipa pesa kufunzwa "in", "on" na "at". Niko risepsheni kwa gesti moja ndogo upande wa Dunga. Mwaka jana meneja akaniambia niandike karatasi tubandike kwa mlango wa kila rumu, wageni wajue kufikia saa moja asubuhi chai iko tayari. Nikaandika "Breakfast is ready until 7 am", nikapeleka ikapigwa laminesheni, nikajiona msomi. Kesho yake saa kumi na mbili na robo, giza bado halijaisha vizuri, wageni wanne wamekaa mezani na mabuti na mabegi, wanaangalia saa kama watu watakosa ndege, na mpishi wetu hata jiko hajawasha, anakata vitunguu akishangaa hawa wamefukuzwa na nani huko juu. Kumbe wao wamesoma kwamba chai inaisha saa moja! Mimi nilimaanisha saa moja itakuwa imeshaiva.

Meneja hakunigombanisha, alicheka tu, hiyo ndio iliuma zaidi.

Basi nikatafuta darasa. Hili liko ghorofa ya pili, karibu na Oginga Odinga Street, chini kuna watu wa fotokopi na saiba. Ni Jumanne na Alhamisi, saa kumi na mbili jioni mpaka saa mbili, wiki sita, na nililipa 4,500. Tulikuwa kumi na mmoja: wawili wametoka form four juzi, jamaa wa kuuza spea za boda, nesi mmoja anataka kwenda Uingereza, na wengine wa maofisi. Mwalimu ni mzee mstaafu, alifundisha sekondari miaka mingi, anaita kila mtu "daktari" hata yule wa spea.

Kitu kilinifanya nisijute ni kwamba huyu mzee anaanzia kwa Kiswahili, haanzii kwa vitabu. Siku ya kwanza aliniuliza hiyo karatasi ya chai nilikuwa nawaza nini kichwani, nikamwambia "mpaka saa moja chai iwe tayari". Akasema hapo ndio ugonjwa uko, "mpaka" yetu inabeba mizigo miwili. Tunasema "niko kazini mpaka Ijumaa" na tunasema pia "mpaka Ijumaa uwe umenilipa", neno ni lile lile na hakuna mtu anapotea. Mzungu ameigawanya. Akachora mstari mrefu ubaoni ukaenda ukagonga Ijumaa ukakatika: kitu kinaendelea muda wote halafu kinaisha hapo, hiyo ni "until", I will be at work until Friday. Halafu akaweka nukta moja tu, popote kabla ya Ijumaa au Ijumaa yenyewe: kitu kinafanyika mara moja na hakipiti hapo, hiyo ni "by", pay me by Friday. Kulala, kungoja, kukaa, hizo ni za mstari. Kulipa, kufika, kumaliza, hizo ni za nukta. Mtu wa spea akasema landilodi wake huandika "pay rent until 5th", mzee akamwambia basi daktari, kwa Kiingereza hicho unatakiwa kulipa kila siku kuanzia tarehe moja mpaka tano. Tulicheka mpaka mlinzi akapanda juu kuangalia.

"On time" na "in time" nayo alifanya vizuri sana. Ndege ya saa mbili ikipaa saa mbili, imeenda on time, kwa sababu kuna ratiba. Wewe ukifika uwanjani na bado una dakika za kukaguliwa na hata kunywa soda, umefika in time, yaani kabla mambo hayajaharibika. Akauliza, gari ya zimamoto huja on time ama in time? Kimya. Akasema zimamoto haina ratiba ya moto, kwa hivyo ikija na nyumba bado imesimama imekuja in time, na ikikuta majivu basi hakuna "time" yoyote ya kuandika hapo.

Ingine ilinishtua ni "after". Mgeni akipiga simu, mimi husema "the driver will come after twenty minutes", kwa sababu kichwani ni "baada ya dakika ishirini". Kumbe ukihesabu kutoka sasa hivi ni "in twenty minutes", na ukitaka kusema dakika ishirini hazitaisha kabla hajafika ndio unaweka "within". Miaka yote hiyo nikiambia watu after after. Na ile ya "I am here since 2019", hiyo tunaisema kwa sababu Kiswahili chetu ni "niko hapa tangu 2019" na kiko sawa kabisa, ila kwao inakuwa "I have been here since 2019", halafu ukitaja muda badala ya mwaka unaingiza "for". "In the end" na "at the end" hazikunisumbua, moja ni hatimaye, ingine ni mwishoni mwa kitu, Kiswahili tayari kimetenganisha. Miezi, siku na masaa alipita haraka, tuliyasoma praimari, ila alitukumbusha ni "in the morning" lakini "on Monday morning", na kwamba Mwingereza husema "at the weekend" na Mmarekani "on the weekend", usibishane na mgeni.

Sasa malalamiko. Mwalimu wa on time hakuwahi kuja on time hata siku moja, aki. Mvua ikinyesha Kondele basi ni saa kumi na mbili na nusu. Noti ni fotokopi unanunua mia moja kando na zimefifia, ukurasa wa tatu wangu ni kama ulioshwa. Stima ilipotea mara mbili tukasoma na tochi za simu, na hizo saa hazikurudishwa. Kusikiliza na kuongea hakuna, ni ubao tu. Yule nesi anahitaji IELTS, ule mtihani wa Kiingereza, ya 6.5 kwa kuandika na 7 kwa zile zingine tatu ndio wamsajili huko, na mzee mwenyewe alimwambia mapema kwamba hapa hatapata mazoezi ya mtihani, atafute kwingine. Hiyo nilimheshimu, wengine wangekula pesa yake wakanyamaza.

Kama kazi yako ni kuandikia wageni au maboso wa mbali, 4,500 si mbaya. Kaa mbele, tuktuk za nje zina kelele. Karatasi mpya kwa milango inasema "Breakfast is served from 7 until 10". Mpishi pia anataka kujiunga, ameniuliza darasa huanza saa ngapi. Nimemwambia ni saa kumi na mbili, lakini yeye aende tu saa kumi na mbili na nusu, atakuwa in time.